Mstari Ambao Mashine Huuruka

Siku yangu ya mwisho kazini, nilipokuwa nikikabidhi funguo, Mishi aliniuliza swali nami sikumjibu. Alikuwa ameifungua ile programu ya visima, akaingia ndani kabisa yalikoandikwa maagizo yake, akakuta juu ya kila fungu la maagizo mstari mmoja ulioanza kwa vistari viwili: kisima cha Mwanasiti.

"Bi Mwanaisha," akasema, "huu mstari haufanyi chochote. Mashine inauruka. Niufute?"

Nikamwambia tutazungumza. Kisha ikaletwa keki, watu wakasema maneno yao, nikarudi nyumbani Waa nikalala siku mbili.

Sasa nimeamka, ingawa uchovu haujaniondoka. Ninaandika haya kwa ajili ya Mishi na wenzake watatu waliobaki katika ofisi ya visima, maana wao ndio watakaoitunza programu hiyo na hakuna kitabu chake. Wanaotaka kujua nilipandishwa cheo lini waulize faili. Mimi nitaeleza jinsi programu inavyofikiri, na kwa nini mstari ule upo.

Niliingia ofisi ile kwa kufagia. Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki, baba akamfuata kabla mwaka haujaisha, na mimi nilikuwa mkubwa wa wanne. Nikaacha shule nikiwa bado sijamaliza la saba. Ami yetu wa Matuga alisema tugawanywe, kila mmoja aende kwa jamaa yake, nikamwambia, "Ami, shikamoo, na hapana." Sikumwomba kitu tangu siku hiyo. Hilo nililihesabu kuwa ushujaa kwa muda mrefu sana.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja na baraza, juu ya kilima, Kwale. Kazi yake ilikuwa kujua kila pampu ya mkono iliyowekwa vijijini, kuanzia huku kwetu mpaka Lunga Lunga: ina kina gani, nani ana ufunguo wake, imeharibika mara ngapi, imetengenezwa na nani. Yote hayo yalikaa katika droo za mbao, kadi moja kwa kisima kimoja. Karani wa kadi aliitwa Bwana Rashidi. Alikuwa mkali kwa kadi kuliko kwa watu. Siku ya tatu aliniona nimesimama na ufagio nikisoma kadi, akaninyang'anya ufagio, akanipa kalamu mbili, ya wino na ya risasi.

"Andika hapa jina lako," akasema. Nikaandika. Akautazama mwandiko. "Wino ni kwa kisichobadilika. Risasi ni kwa kinachobadilika. Kina cha kisima?"

"Wino."

"Mwenye ufunguo?"

"Wino," nikasema.

"Huyo atakufa, ataolewa, atahama. Risasi."

Hilo ndilo somo lake la kwanza, na mpaka leo sijapata lililolizidi. Kadi zenyewe zilikuwa zimechapishwa: mistari, vichwa, jina la ofisi. Fomu ilikuwa ileile kwa kadi zote. Kilichotofautiana ni kile tulichoandika ndani yake. Likumbukeni hilo, maana nitalirudia.

Miaka ikapita, nikawa mimi karani wa kadi. Bwana Rashidi akastaafu kwa malalamiko. Ndipo akaja Atieno.

Atieno alikuwa mchora ramani kutoka bara, msichana mrefu mwenye sauti ya juu, na alikuja na kompyuta ndogo yenye kioo kisichozidi ukubwa wa sahani. Alikuwa akisalimia "sasa" badala ya shikamoo, na wazee waliokuja kuleta habari za pampu walimsamehe kwa sababu aliwapa viti. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na programu ya kutengeneza kadi. Aliniita nione.

"Kaa hapa. Bonyeza tu, haitakulipukia."

"Kiingereza changu ni cha darasa la sita."

"Na hii mashine Kiingereza chake ni cha darasa la tatu. Mtaelewana."

Alisema kweli. Maagizo yake yalikuwa maneno mepesi: nenda kadi inayofuata, tafuta fulani, weka tarehe mahali fulani. Shida haikuwa maneno. Shida ilikuwa kujua maneno hayo yawekwe wapi.

Basi sikilizeni. Katika programu hiyo kila kitu ni rundo la kadi. Kadi moja, kisima kimoja, kama droo ya Bwana Rashidi. Chini ya kadi kuna fomu. Ukichora kitu kwenye fomu, kinaonekana katika kadi zote zenye fomu hiyo; ukikichora kwenye kadi, kiko pale peke yake. Juu yake unaweka vitufe vya kubonyeza na visanduku vya kuandikia. Wengi wenu mmezoea programu ambayo maagizo yake yote yako mahali pamoja, kama kitabu, na mnayasoma toka juu mpaka chini. Hii haina kitabu. Kila kitu kina maagizo yake kifuani: kitufe kina yake, kadi ina yake, fomu ina yake, rundo zima lina yake. Mnaposema hamuoni programu inaanzia wapi, ni kweli, haianzii popote. Imekaa kimya inangoja kuguswa.

Ikiguswa, hutoka ujumbe. Ukibonyeza kitufe, ujumbe unakwenda kwanza kwa kitufe chenyewe: nimebonyezwa, una la kufanya? Kama kitufe hakina agizo, ujumbe unapanda kwa kadi. Kadi ikikosa la kufanya, unapanda kwa fomu. Kisha kwa rundo. Kisha kwa programu yenyewe, na huko juu ndiko mwisho.

Atieno alinichorea ngazi hiyo kwenye karatasi mara tatu nami nikawa natikisa kichwa tu. Akaiweka kalamu.

"Kwenu mko wangapi?"

"Wanne. Mimi ndiye mkubwa."

"Mdogo kabisa akitaka daftari anamwambia nani?"

"Kassimu? Anamwambia Zuhura. Zuhura hana, anamwambia Salimu. Salimu hana, ananiambia mimi."

"Na wewe ukikosa unamwambia nani?"

Nilimwambia kwamba juu yangu hakuna mtu.

"Basi wewe ndiwe programu," akasema, akacheka. Mimi pia nikacheka. Lakini ngazi ile haikunitoka kichwani tena.

Kuna jambo la pili kuhusu ngazi, nalo nililisikia siku ileile nikadhani nimelielewa. Ujumbe ukimkuta mtu mwenye agizo, unaishia hapo. Haupandi tena. Ukitaka uendelee, ni lazima yule aliyeushika aseme kwa neno moja: pitisha. Asiposema, waliokaa juu yake hawatajua kamwe kwamba ujumbe ulipita.

Kadi zote tulizihamishia kwenye mashine, Atieno akichora na mimi nikiandika, miezi mingi. Yeye aliandika agizo moja muhimu kuliko yote, akaliweka juu, kwenye rundo. Kila kadi inapofunguka hutoka ujumbe wa kusema imefunguka. Agizo la Atieno liliusubiri ujumbe huo, likasoma kisanduku cha Hali, na kama Hali ni "imefungwa" lilitoa sanduku katikati ya kioo: KISIMA HIKI KIMEFUNGWA. Halikuondoka mpaka ulibonyeze. Lilikuwa linakera. Baada ya muda tuliacha kusoma Hali kwa macho, maana sanduku lingesema.

Kisha Atieno akarudi bara, akaniachia mashine na rundo.

Nilikuwa na kiburi kidogo wakati huo, nikubali. Mtu aliyefagia chumba sasa ndiye peke yake anayejua kilichomo. Nikataka kuongeza kitu changu. Nikachora kwenye fomu kisanduku cha tarehe, kikubwa, juu kabisa, na nikaandika agizo kwamba kadi inapofunguka, tarehe ya leo ijiandike yenyewe. Nililiweka agizo hilo kwenye fomu, ili lifanye kazi kwa kadi zote. Nikafungua kadi moja, tarehe ikajiandika. Nikafungua nyingine, ikajiandika. Nikamwita mpika chai aje aone.

Nadhani mmeshaona. Ujumbe wa kufunguka ulipanda mpaka kwenye fomu, ukakuta agizo langu, ukaishia hapo. Sikuandika pitisha. Agizo la Atieno lilikaa juu kwenye rundo likingoja ujumbe usiofika. Wala mashine haikulalamika. Ilionyesha tarehe nzuri na ikanyamaza.

Juu ya Msambweni, mbali kidogo na barabara, kulikuwa na pampu iliyoitwa na watu kisima cha Mwanasiti kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wake tangu kilipochimbwa. Ofisi ilikuwa imekifunga. Choo kilikuwa kimechimbwa upande wa juu yake, maji yakapimwa, yakaonekana si ya kunywa. Mafundi walifunga pampu namna tulivyofunga zote: walivuta vyuma vya ndani vyote wakaondoka navyo, mpini ukabaki ukicheza bure. Walimweleza Mwanasiti, na Mwanasiti akawaeleza watu. Alikuwa mwanamke wa kusikilizwa.

Baadaye mumewe akafariki, naye akakaa eda. Miezi minne na siku kumi yuko ndani, hatoki, na watu wa pale wana adabu yao: mjane aliye edani haendewi na mambo ya ulimwengu. Hakuna aliyemtajia kisima. Ufunguo wa uzio aliushika mkaza mwanawe, Riziki, bibi arusi kutoka kijiji kingine, aliyeletwa pale baada ya pampu kufungwa. Yeye aliona pampu yenye mpini usiotoa maji, na wanawake wakitembea nusu saa kwenda kisima kingine. Akafanya ambalo mtu mwema angefanya. Siku ya soko alipanda mpaka Kwale, akafika mbele ya meza yangu.

"Shikamoo, dada. Nimekuja kwa ajili ya pampu yetu. Mpini wacheza tu, maji hayaji."

"Marahaba. Nambari yake unayo?"

Alikuwa ameinakili kwenye kiganja. Nikafungua kadi. Tarehe ikajiandika. Nikangoja kidogo, kama nilivyozoea kungoja, na hakuna sanduku lililotoka. Kisanduku cha Hali kilikuwa pale chini, kimeandikwa "imefungwa" kwa mkono wangu mwenyewe. Sikukitazama.

"Mtaletewa fundi Jumatatu, inshallah," nikamwambia.

Fundi alikuwa Bakari. Kikosi kilichokifunga kisima kilikuwa kimehamishiwa upande wa Lunga Lunga, na Bakari hakuwahi kufika pale. Alipoifungua pampu akakuta vyuma havimo. Mngefikiri hapo angeshtuka. Lakini wakati ule vyuma vya pampu vilikuwa vikiibwa sana na kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na Bakari akawa na hasira na wezi. Akaweka vyuma vipya, mipira mipya, akapiga mpini. Maji yakatoka. Aliniambia baadaye kwamba wanawake walimpigia vigelegele na mmoja akamletea madafu mawili.

Siku ya nne ilikuja habari ofisini kupitia mwalimu aliyekuwa akipanda Kwale: njooni, Mwanasiti ametoka edani na amekaa juu ya kisima.

Tulikwenda mimi na Bakari kwa pikipiki ya ofisi. Njia nzima Bakari alikuwa akisema, "Kuna nini? Pampu nimeitengeneza vizuri."

Alikuwa amekaa kwenye saruji, mgongo ukiwa umeegemea pampu, amejifunika kaniki mpaka kichwani. Ndoo zilikuwa zimesimama mbali kwa mstari, wenyewe wakiwa wamesimama nyuma yazo. Hakuna aliyethubutu kumsogeza mjane. Tulimwamkia, tukampa pole ya msiba. Akaitikia.

"Nani kati yenu ndiye mwenye vitabu?"

"Ni mimi, mama."

"Nilikuwa chumbani," akasema. Alisema polepole, bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Nikasikia mpini ukilia. Huu mpini naujua, una mlio wake. Nikasema ni masikio, msiba umenichanganya. Siku ya pili nikausikia tena. Nikamuuliza Riziki, akaniambia kwa furaha, mama, nimeleta fundi. Mjukuu wangu alikuwa ameshaanza kuhara."

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko hospitali na mamake, binti yangu. Watatu wako huko. Mwanangu, nyinyi ndio mlioniambia maji haya ni machafu. Mlikuja na karatasi. Leo nani alisema yamesafika?"

Bakari alinitazama. Ningeweza kusema ni mashine. Neno lilikuwa mdomoni.

"Hakuna aliyesema," nikamwambia. "Iliandikwa kwamba kimefungwa. Mimi ndiye niliyeandika, na mimi ndiye niliyefungua ukurasa nisiusome."

"Huna mtu wa kuuliza huko?"

"Sina."

"Basi ungeniuliza mimi," akasema. "Niko ndani, sijafa."

Mwanamke mmoja nyuma ya ndoo akanong'ona kwamba hata hivyo eda ni eda, angemtuma mtu. Mwanasiti alimsikia. "Nimetuma watu wawili," akasema bila kugeuka. "Mmoja akaniambia nipumzike, mwingine akaja kuchota."

Bakari alivitoa vile vyuma, kimoja kimoja, mbele ya watu wote. Kazi ya saa nzima, na hakuna aliyepiga kigelegele. Mimi nilikwenda hospitali na Riziki. Alikuwa akilia njiani, akisema atarudishwa kwao. Nikamwambia kosa si lake. Akasema ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Tulikaa na watoto wale mpaka asubuhi ya siku ya tatu. Wawili waliamka wakiomba chakula. Mjukuu wa Mwanasiti ndiye aliyekawia, macho yameingia ndani, mkono mdogo na sindano ya maji. Naye akapona, Alhamdulillahi. Riziki hakurudishwa. Lakini kwa miaka Mwanasiti alikuwa akisemwa kama mjane aliyekatiza eda, na wale waliosema walikuwa ni walewale aliowazuia wasinywe. Nilikwenda kwake mara nyingi. Hakuwahi kulitaja, alinipa chai na kuniuliza habari za wadogo zangu.

Niliporudi ofisini nilikaa mbele ya kioo siku nzima kabla ya kuona. Nilikagua agizo la Atieno mara kumi, lilikuwa zima. Hapo ndipo nilipokumbuka ngazi, nikashuka hatua moja, nikakuta agizo langu la tarehe. Nikaongeza neno moja chini yake, pitisha. Nikafungua kadi ya Mwanasiti. Sanduku likatoka katikati ya kioo. Sikulibonyeza kwa muda mrefu.

Nikampigia Atieno simu kwa gharama ya ofisi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo kosa kila mtu hulifanya," akasema.

"Si kila mtu ana kisima."

Kisha akasema, "Unakumbuka uliposema juu yako hakuna mtu? Mimi nilicheka. Sikupaswa kucheka."

Mwezi huohuo nilikwenda Matuga kwa ami. Kassimu alikuwa amefukuzwa shule na nilikuwa nimelificha jambo hilo wiki tatu, kama nilivyoficha kila kitu miaka yote. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia limenishinda. Alikuwa amezeeka. Alivaa kofia, akaniuliza shule iko wapi. Hakusema zaidi ya hapo, na Kassimu akarudi darasani. Ningeliweza kufanya hivyo tangu mwanzo.

Mengine mnayajua. Kompyuta ile ndogo ilikufa; rundo likahamishiwa katika programu nyingine ya namna ileile, kisha nyingine tena, na kila mara mtaalamu kijana alikuja kutuambia tuandike upya yote mahali pamoja, kisha akaondoka kwa ajira nzuri zaidi Diani. Mimi nikabaki na ngazi yangu. Mkikuta kitu hakifanyi kazi, msianze kwa kusoma maagizo yaliyopo. Ulizeni ujumbe ulitoka wapi, nani aliusikia kwanza, na nani aliushika akanyamaza. Vya fomu wekeni kwenye fomu, vya kadi kwenye kadi. Na someni Hali kwa macho yenu hata kama sanduku lipo. Mwenye ufunguo muandikeni kwa risasi, ingawa risasi haipo tena. Mtajua ninachomaanisha mtakapompigia simu mtu aliyehama.

Mishi, sasa swali lako. Mstari ule niliuandika mimi, kwa mkono, juu ya kila fungu la maagizo, na kila rundo lilipohamishwa niliuandika upya. Ni kweli kwamba mashine huuruka. Haukuandikwa kwa ajili ya mashine.

Kukataza siwezi, funguo ni zenu. Ukiufuta hakuna kitakachoharibika. Utabonyeza, kadi itafunguka, tarehe itajiandika juu, na yote yataonekana sawa. Siku ile Riziki aliposimama mbele ya meza yangu na nambari kiganjani, yote yalionekana sawa vilevile.